'Sorry' si mtoto wa 'sorrow', na mfasiri asiyelijua hilo atatupotosha

KUNA maneno mawili ya Kiingereza ambayo wengi wetu tuliyaweka katika nyumba moja tangu shule ya msingi, tukidhani ni mzazi na mwana. La kwanza ni 'sorry', ambalo mtoto wa chekechea hulijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake. La pili ni 'sorrow', ambalo twalikuta zaidi katika matangazo ya vifo, mahubiri na hotuba za wakubwa. Mwulize mtu yeyote aliyesoma akueleze uhusiano wa maneno hayo, naye atakujibu bila kusita: 'sorrow' ni huzuni, kwa hivyo 'sorry' ni kuwa na huzuni. Jibu lenyewe lina mantiki nzuri. Kasoro yake ni moja tu: si kweli.

Maneno hayo si ya ukoo mmoja. Yalizaliwa mbalimbali, yakakua mbalimbali, kisha yakaja kufanana ukubwani, kama mume na mke waliokaa pamoja miaka mingi hadi wapita njia wakadhani ni ndugu. Utasema, Profesa, hayo ni ya Waingereza, yatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Yanatuhusu sana. Jumanne ya tarehe 31 Oktoba 2023, mgeni mkubwa alisimama Ikulu ya Nairobi akalitumia moja kati ya maneno haya mawili na kuliacha lile jingine. Kila aliyeifasiri kauli yake kwa Kiswahili alilazimika kuamua: je, mgeni ameomba msamaha au hakuomba? Nitalifikia hilo. Kwanza tuanze na mizizi, maana mti haujulikani kwa majani pekee.

Katika Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichozungumzwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka wa 1066, 'sorry' lilikuwa 'sarig'. Lilitokana na 'sar', neno lililomaanisha maumivu au kidonda. Hilo 'sar' bado li hai. Leo linaandikwa 'sore', na yeyote aliyewahi kuugua koo analifahamu. Mtu wa kale aliyesema yu 'sarig' alikuwa akisema kwamba ana kidonda ndani, moyo unamuuma. Binamu yake wa Kijerumani ni 'sehr', ambalo siku hizi ni 'sana' tu, lakini zamani lilimaanisha 'kwa maumivu'. Msishangae. Hata sisi twasema 'anampenda vibaya sana', na hakuna ubaya wowote unaokusudiwa hapo.

'Sorrow' nalo lilitokana na 'sorg', lililomaanisha mashaka ya moyo, wasiwasi, majonzi. Ndugu yake wa Kijerumani ni 'Sorge', na Mjerumani akilitumia leo, mara nyingi anazungumzia wasiwasi wala si msiba. Kwa hivyo neno moja lilianzia kwenye kidonda, jingine likaanzia kwenye mashaka. Kilichotokea ni kwamba irabu ya 'sarig' ilibadilika na kufupika kadiri karne zilivyopita, na kwa sababu 'sorrow' lilikuwa pale jirani, lenye umbo la karibu na maana ya karibu, masikio ya watu yakayavuta pamoja. Maumbo yakafanana. Watu wakaunda undugu ambao haukuwepo.

Kwetu pia yapo ya namna hiyo, ila aghalabu mambo huenda kinyume. Chukua 'swali' na 'suala'. Haya ni ndugu wa damu, chimbuko lao ni moja katika Kiarabu, lakini Kiswahili kimeyatenganisha: swali huulizwa, suala hujadiliwa. Halafu anakuja mtangazaji na 'swala nyeti la ardhi', na mimi nabaki kujiuliza huyo swala analisha wapi na nani aliyempa hatimiliki. Lakini hayo tuyaache.

Tuje kwenye matumizi, ambako ndiko kwenye uhondo. 'Sorry' ni kivumishi, tena cha ajabu. Kikikaa baada ya kitenzi, kama katika 'I am sorry', kinaeleza hali ya msemaji. Kikitangulia nomino, kama katika 'a sorry state', maana inageuka kabisa. Inakuwa hali duni, ya kusikitisha, pengine ya kutia aibu. Huwezi kumwita mtu 'a sorry man' ukikusudia kwamba ameomba msamaha, utakuwa umemtukana. Likisemwa peke yake kwa sauti inayopanda, 'Sorry?', maana yake ni sikusikia, hebu rudia. Likifuatwa na 'but', kaa chonjo, kwa sababu unakaribia kupingwa. Neno moja, kazi tano sita, na nyingi kati ya hizo hazina msamaha wowote ndani yake.

'Sorrow' halina ujanja huo. Ni nomino, ni zito, na halitembei mitaani. Ukimkanyaga mtu ndani ya matatu huwezi kumgeukia ukamwambia 'Sorrow!'. Atadhani umechanganyikiwa. Ni neno la matanga, la mashairi, la barua zenye mhuri.

Lakini tofauti ninayotaka tuishike leo ni ya kisarufi, nayo ni ndogo kiasi kwamba wengi huipita bila kuiona. 'Sorry', kwa kuwa ni kivumishi, linamtaka mtu. Lazima awepo wa kuwa 'sorry'. Hata ukilitamka peke yake, msikilizaji anajua ni wewe unayelisema juu ya nafsi yako. 'Sorrow', kwa kuwa ni nomino, linaweza kuning'inia hewani bila mwenyewe. Waweza kusema 'kuna huzuni', 'jambo hili ni chanzo cha huzuni', na usiseme kamwe huzuni hiyo ni ya nani. Nomino ni pango zuri la kujifichia. Wanasiasa na mawakili walilijua hili kabla yetu sisi walimu wa lugha.

Sasa tulete Kiswahili mezani. Hapa ndipo inapodhihirika kwamba 'sorry' si neno moja bali ni kapu. Ndani ya kapu hilo mna 'pole' na mna 'samahani', na Mswahili hawezi kuvichanganya hata usingizini. Mtu akijikwaa mbele yako unampa pole. Wewe ukimkwaza, unamwomba samahani au radhi. Pole hutolewa, msamaha huombwa. Kwa lugha nyingine, pole hutoka kwangu ikaenda kwako, na msamaha nauomba utoke kwako uje kwangu. 'Sorry' halielekei kokote. Linabaki kwa msemaji likieleza jinsi anavyojihisi.

Tazama mizizi ya maneno yetu haya uone yalivyo na adabu. 'Pole' lina undugu na 'mpole', 'upole' na 'polepole', na pia na kitenzi 'poa'. Ndiyo maana ukimpa mgonjwa pole, anaweza kukujibu 'asante' au 'nimeshapoa'. Shina hilo limeenea katika lugha nyingi za Kibantu: Mkikuyu akitaka uende polepole atakwambia 'kahora', Mganda atasema 'mpola', na Mnyarwanda 'buhoro'. Ni neno la kutuliza, la kupoza kilicho moto. Halina hata chembe ya kukiri kosa.

'Samahani' lilitoka katika Kiarabu, ambamo ni tamko kamili la kumwambia mtu: nisamehe mimi. Ile '-ni' ya mwisho ndiyo 'mimi' wa Kiarabu. Sisi hatuioni tena, kwa hivyo hata watu kumi wakiomba pamoja husema 'samahani', ingawa neno lenyewe lina mtu mmoja ndani yake. Ukitaka kuliweka wazi zaidi unasema 'nisamehe', 'niwie radhi', 'naomba msamaha'. Popote utakapogeukia, utakuta kiambishi cha msemaji na utakuta mtu mwingine anayepewa uwezo wa kukubali au kukataa. Aliyekosewa anakuwa hakimu. Hilo 'sorry' haliwezi kulifanya. Mtu anaweza kusema 'I am sorry' na kuondoka zake bila kusubiri jibu, kwa sababu hakuuliza chochote.

Kutokana na hayo mnaelewa kwa nini Mkenya akimwona mgeni kutoka London ameangusha simu yake, anamwambia 'Oh, sorry!', na mgeni anamjibu kwa mshangao kwamba si kosa lake. Mkenya hakusema ni kosa lake. Alikuwa anatoa pole kwa nguo ya Kiingereza. Wanaijeria na Waghana nao husema vivyo hivyo, kwa kuwa lugha zao pia zina neno la namna hii. Wayoruba wana 'pẹlẹ', na nyie semeni wenyewe kama halifanani na letu! Ila msomaji asikimbilie kusema ni ndugu, maana tumekwisha kuona jinsi 'sorry' na 'sorrow' yalivyotuhadaa.

Nao walimu wanaowasahihisha watoto wetu wakiwaambia kwamba kusema 'sorry' kwa mtu usiyemkosea si Kiingereza, wanakosea wao. Mwingereza mwenyewe akienda kumfariji mfiwa husema 'I am sorry for your loss', na hakuna anayedhani kwamba amemuua marehemu. Zaidi ya hayo, yule mtoto wa Kakamega anayesema 'sorry' kwa kuwa amekuonea uchungu yuko karibu zaidi na lile 'sarig' la kale, lile la moyo unaouma, kuliko karani wa benki anayelisema kabla ya kukunyima mkopo.

Basi kapu hili la 'sorry' limewasumbua hata wenyewe. Fikiria daktari aliyempasua mgonjwa, na mgonjwa akafa. Daktari anatoka nje, anamkuta mjane, anamwambia 'I am so sorry'. Je, ametoa pole au amekiri kosa? Mawakili wa familia watasema amekiri. Mawakili wa hospitali watasema ametoa pole. Kwa miaka mingi madaktari na madereva katika nchi zinazozungumza Kiingereza walishauriwa na watu wa bima wafunge midomo. Mjane akarudi nyumbani bila hata neno la faraja, na hasira ikamtuma mahakamani.

Mabunge yakalazimika kuingilia kati. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lilitunga sheria mwaka wa 1986 ya kulinda maneno ya huruma yanayosemwa baada ya ajali, yasitumiwe kama ushahidi wa kukubali lawama. Ukiisoma kwa jicho la Mswahili, unaona sheria hiyo ililinda pole. Jimbo la British Columbia nchini Kanada lilifuata kwa sheria pana zaidi mwaka wa 2006, na Ontario mwaka wa 2009. Sheria ya Ontario inafafanua neno husika kuwa ni usemi wowote wa huruma au masikitiko, au kauli kwamba mtu yu 'sorry', iwe inakiri kosa au haikiri. Yaani wameshindwa kutenganisha pole na samahani, wakaona bora wavifunge vyote katika furushi moja na kuvilinda vyote! Uingereza nayo, katika Sheria ya Fidia ya mwaka wa 2006, kifungu cha 2, ilisema kwamba kuomba radhi au kujitolea kumtibu mtu si, peke yake, kukiri uzembe. Sisemi Waswahili hawana kesi za hospitali. Tunazo. Ninachosema ni kwamba mjane wa Mombasa aliyeambiwa 'pole sana, mama' anajua kwa hakika hajaambiwa 'tumekukosea', na akiambiwa 'tuwie radhi' anajua kuna jambo.

Sitaki mdhani ni mambo ya hospitali pekee. Tarehe 1 Aprili 2001, ndege ya kijasusi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani Mchina, Wang Wei, akapotea baharini. Ndege ya Marekani ikatua Hainan bila idhini, na wanajeshi 24 waliokuwamo wakazuiliwa. China ikataka iombwe msamaha. Marekani ikakataa, ikisema haina kosa. Siku kumi zikapita watu wakibishania neno. Tarehe 11 Aprili, balozi wa Marekani mjini Beijing, Joseph Prueher, akakabidhi barua iliyosema 'very sorry' mara mbili: mara moja kwa familia ya rubani na Wachina kwa msiba uliowapata, na mara ya pili kwa kuwa ndege iliingia na kutua bila kibali cha mdomo. Wachina wakaifasiri kwa maneno ya lugha yao yaliyo karibu na kuomba radhi kwa kina, wakaridhika, wakawaachilia wanajeshi. Wamarekani wakarudi kwao wakisema hawakuomba msamaha. Kila upande ulishinda katika lugha yake.

Ukinipa mimi barua hiyo niifasiri kwa Kiswahili, nitakwama. Ile 'very sorry' ya kwanza haina tabu: 'tunawapa pole sana'. Ya pili sasa? Nikiandika 'tunaomba radhi sana', nimemkiri Mmarekani asichokikiri. Nikiandika 'tunasikitika sana', nimemnyima Mchina alichodhani amepewa. Kiswahili hakina neno la kukaa katikati ya uzio. Mimi naliona hilo kuwa fahari ya lugha yetu, ingawa wanadiplomasia watanipinga.

Nchini Australia walibishania neno hilohilo kwa zaidi ya miaka kumi. Ripoti ya mwaka wa 1997 ilieleza jinsi watoto wa wenyeji asilia walivyonyang'anywa wazazi wao na maafisa wa serikali kwa miongo mingi. Wananchi wakaanzisha Siku ya 'Sorry', inayoadhimishwa Mei 26. Waziri Mkuu wa wakati huo, John Howard, alikubali mwaka wa 1999 bunge lieleze 'regret', masikitiko, lakini 'sorry' ya serikali aliikataa katakata. Ilibidi aje Kevin Rudd, ambaye tarehe 13 Februari 2008 alisimama bungeni akalitamka neno lenyewe. Watu walilia hadharani. Kwa neno la herufi tano.

Haya, turudi Ikulu ya Nairobi. Mgeni wetu alikuwa Mfalme Charles wa Tatu. Shirika la KHRC, linalotetea haki za kibinadamu, lilikuwa limedai siku chache kabla ya hapo kwamba Uingereza iombe msamaha bila kigugumizi kwa mateso ya enzi za ukoloni. Katika dhifa ya usiku ule, Mfalme alisema kwamba maovu ya zamani ni chanzo cha 'the greatest sorrow and the deepest regret'. Akaongeza kuwa Wakenya walitendewa ukatili wa kuchukiza usioweza kuhalalishwa, na kwamba hauna kisingizio. Haki itendeke: hayo ya kisingizio ni maneno makali, na si kila mkubwa angeyatamka. Lakini 'sorry' halikutamkwa. Lilitamkwa 'sorrow'.

Sasa lisome tena lile fungu kwa macho ya mwanasarufi. Maovu 'ni chanzo cha' huzuni kubwa. Huzuni ya nani? Halisemi. Nomino imening'inia hewani kama nilivyotangulia kueleza. Ukiniomba nifasiri, nitaandika: 'Maovu ya zamani ni chanzo cha huzuni kubwa mno na masikitiko makuu kabisa.' Nisingeandika 'yananihuzunisha', kwa sababu huyo 'ni-' hayumo katika Kiingereza chake. Nisingeandika pia 'najutia'. Majuto ya Kiswahili ni mjukuu wa mtu mwenyewe. Anayejuta ni aliyetenda. 'Regret' la Kiingereza halina sharti hilo. Mwajiri aliyekunyima kazi hukuandikia kwamba anasikitika, 'we regret to inform you', na wala hajuti hata kidogo. Mhariri anayeandika 'Mfalme aomba msamaha' kwa kuwa 'sorrow' na 'sorry' vinafanana, amempa Mfalme sifa ya jambo ambalo hakulifanya, na amewapokonya wazee waliofungwa kambini hoja yao.

Kauli hiyo haikuwa ya kwanza kupimwa kwa mizani namna hiyo. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Uingereza, aliliambia bunge lao kwamba serikali yake inatambua kuwa Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, na kwamba 'sincerely regrets' kuwa dhuluma hizo zilitokea. Akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Katika hotuba iyo hiyo akasisitiza kwamba serikali ya leo bado inakana kuwa na wajibu wa kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Unaona jinsi maneno yanavyofanya kazi pamoja? 'Sorry' lingeweza kuutafuna ule mstari wa mwisho. 'Regret' liliuacha salama salimini.

Na ili msidhani kwamba kila kiongozi wa Ulaya huzungumza hivyo, tazameni kilichotokea ng'ambo ya mpaka siku iliyofuata dhifa ile. Jumatano ya tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, kusini mwa Tanzania, mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Vita vya Majimaji mwaka wa 1906, akiwemo Nduna Songea Mbano, ambaye mji huo una jina lake. Mbele ya wazawa wake, Steinmeier alisema kwa Kijerumani kwamba anataka kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Mfasiri wa Kiswahili hakuwa na kazi ngumu. Mwombaji yupo, anayeombwa yupo, mtenda kosa ametajwa kwa jina la taifa lake. 'Naomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zenu.' Basi. Kama hilo linatosha bila fidia na bila kurudishwa kwa mabaki ya wafu ni mjadala mwingine, na wazawa hao wana haki ya kujibu watakavyo. Ila kisarufi, ombi lilikuwa ombi.

Saa ishirini na nne, nchi mbili jirani, na lugha yetu moja ya kuzipokea kauli zote mbili. Msomaji wa Kiswahili aliyeletewa 'msamaha' pande zote mbili hakutendewa haki.

Ushauri wangu kwa vijana wa vyumba vya habari ni mwepesi. Ukikutana na 'sorry', usifungue kamusi kwanza. Uliza: nani ametenda, na msemaji anajiweka upande gani? Kama msemaji hakutenda, andika 'alitoa pole'. Kama ametenda na anakiri, andika 'aliomba radhi'. Kama huelewi kama anakiri, andika 'alisema anasikitika' kisha nukuu maneno yake jinsi yalivyo. Ukikutana na 'sorrow', hilo halikupi tabu: ni huzuni, majonzi, simanzi. Usiligeuze kamwe kuwa msamaha.

Yapo pia yale matangazo ya kampuni zetu yanayobandikwa kila umeme unapokatwa au barabara inapofungwa: 'Any inconvenience caused is regretted.' Unasikitikiwa na nani? Hajulikani. Nimewapa wanafunzi wangu wa tafsiri sentensi hiyo mara nyingi, na kila mwaka wanahangaika nayo, kwa sababu kitenzi 'sikitika' kinadai mwenyewe. Wengi huishia 'Tunasikitikia usumbufu wowote', na hapo hapo kampuni inajitokeza kichwa, kwa ile 'tu-', bila kupenda. Mwanafunzi mmoja aliandika 'Mtuwie radhi kwa kuwasumbua'. Nikampa alama zote, ingawa nina hakika kampuni yenyewe isingekubali kuibandika.

Limebaki 'sori', ambalo sasa limeingia katika Kiswahili chetu cha mazungumzo na sioni likitoka. Silipigi vita. Ukilisikiliza mitaani utaona watu wenyewe wamelipimia kazi yake: utingo akikukanyaga anakwambia 'sori, auntie', mtu akikupigia simu kwa makosa anasema 'sori, ni wrong number'. Lakini kijana aliyeuza ng'ombe wa baba yake bila ruhusa haendi nyumbani na 'sori'. Anatafuta mjomba wa kumtangulia, anakaa kwenye kigoda cha chini, na anaanza: 'Baba, nimekuja uniwie radhi.'